Slaidi ya Arobaini na Moja

Amman, Jumatano

Kwako Baba,

Pokea salamu za binti yako Maysun. Naomba barua hii ikukute goti limetulia, na Mama akiwa ameacha kupanda ngazi ya mizeituni peke yake. Mimi ni mzima. Usishangae kuona karatasi. Ujumbe wa simu mdogo wangu Qutaiba hukusomea kwa sauti mbele ya nyumba nzima, na haya nataka uyasome mwenyewe. Tahsin, mwenzangu wa kazini, anakuja Irbid kesho kuwaona wakwe zake. Yeye ndiye atakayekukabidhi barua hii.

Nianze na kazi, maana mambo yote yametoka huko. Kituo cha mafunzo ya mafundi wa maji kilipotaka slaidi zako sitini na nne za kusafisha maji kwa gesi ya klorini ziwe somo la mtandaoni, ili fundi wa Karak asome kwenye simu yake bila kusafiri, kazi ililetwa kwenye kampuni yetu. Bwana Jiryis, mkuu wangu, akanipa mimi. Alisema hakuna atakayezihurumia slaidi hizo kama binti wa mwenyewe. Kituo alikiahidi wiki mbili. Mimi niliomba sita, akanicheka, akasema slaidi si mawe ya mji wa kale wa Petra, hazichongwi.

Siku ya kwanza nilizipandisha kwenye programu, nikafungua, nikafunga, nikafungua tena. Herufi zako zilikuwa zimeachana. Kila moja imesimama peke yake, kama watu waliogombana kwenye foleni ya mkate. Mwandiko wa kompyuta uliouchagua miaka ishirini iliyopita haupo kwenye mtandao, na programu iliweka mwingine usiojua kuunganisha herufi zetu za Kiarabu. Nikabadilisha mwandiko, herufi zikashikana, lakini maneno yakanenepa na kumwagika nje ya visanduku. Nikayapunguza. Kwenye simu hayakusomeka.

Halafu kuna zile slaidi zako za kubofya, ambapo picha moja hutoka na nyingine kuingia. Mtandaoni picha zote ziliingia pamoja na hakuna iliyotoka. Slaidi ya kinyago cha kujikinga na gesi ilikuwa na sura tano juu ya sura moja. Tahsin aliitazama kwa muda mrefu, akasema, dada, huyu bwana anahitaji daktari, si kinyago. Nilicheka siku hiyo. Nilizitenganisha moja moja kwa mkono, na kila nilipozihifadhi, tatu kati ya kumi zilirudi zilivyokuwa.

Baya kuliko yote lilikuwa upande. Wenye programu ile husoma wakianzia kushoto, sisi tunaanzia kulia. Orodha zako zilikaa kinyume, namba zikawa mbali na mistari yake. Wiki ya tano Bwana Jiryis alikuwa akija mezani kwangu kila baada ya kahawa kuniuliza kama bado nachonga. Nikagundua kitufe kinachogeuza ukurasa mzima uanzie kulia. Nikakibofya. Orodha zote zikanyooka mara moja. Nilikagua slaidi thelathini na kitu, zote safi, nikaikabidhi kazi Alhamisi mchana.

Sikuifikia slaidi ya arobaini na moja. Unaijua kuliko mimi: ni picha ya chumba cha klorini ulichofanyia kazi, koki ya maji upande wa kulia, koki ya gesi kushoto, na juu ya kila koki uliweka kibandiko cha maandishi chenye jina lake. Kitufe kile kiligeuza maandishi tu, hakikugusa picha. Vibandiko vilihama, koki zikabaki. Kibandiko cha maji kikakaa juu ya koki ya gesi.

Mwezi wa tisa kituo kilifanya mtihani wa vitendo katika chumba hichohicho. Fundi mmoja, Mutlaq, baba wa watoto wanne, alikuwa amelisoma somo mara tatu kwenye simu. Alikumbuka kanuni yako, maji kwanza, gesi baadaye. Akafungua kwanza ile koki aliyofundishwa kuwa ni ya maji, kumbe ni ya gesi, na gesi ikajaa chumbani. Watu watatu walipelekwa hospitali. Wawili waliruhusiwa jioni, Mutlaq alilazwa siku nne. Sasa amepona na amerudi kazini. Nimekwenda kumwona mwenyewe.

Najua habari hiyo ilikufikia. Hujui iliyofuata, au nilidhani hujui.

Asubuhi ya kikao cha kuchunguza ajali hiyo, saa mbili, nilifungua slaidi yako ya asili kwenye kompyuta. Vibandiko vilikuwa mahali pake. Nilielewa papo hapo. Saa nne Mhandisi Shafiq, mkuu wa kituo, alituwekea mezani nakala ya ukurasa wa mtandaoni, akauliza nani aliweka majina yale. Bwana Jiryis akanitazama. Nikasema yalikuja hivyo kutoka kwa mwandishi.

Maneno hayo niliyasema nikijua si kweli, na mwandishi ni wewe. Hakuna aliyeomba kuona faili ya asili. Waliliondoa jina lako kwenye somo, na ile hafla iliyopangwa ya wewe kuwakabidhi mafundi vyeti haikutajwa tena.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa Mhandisi Shafiq nikiwa na faili mbili, nikazifungua sambamba, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kuna jambo linamtatiza. Siku ya pili baada ya kikao alikupigia simu kukuuliza. Anasema uliuliza nani aliyezihamishia slaidi mtandaoni, akakutajia jina langu. Ukamjibu kwamba ndiyo, kosa litakuwa lako, macho yamezeeka, na asimsumbue binti.

Hukuomba hata kuuona ukurasa. Miaka thelathini na moja hukukosea koki, ukakubali umekosea. Na Ijumaa zote tangu hapo unanipigia kuniuliza kama ninakula vizuri.

Nimekasirika, Baba, na sijui namna ya kukukasirikia kwa adabu. Ulinilinda kwa kulitoa jina lako jema, ambalo si mimi niliyelijenga. Bwana Jiryis nimemwambia pia. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi niache kazi, na sikubishana naye.

Mhandisi Shafiq amekataa kuandika masahihisho kwa maneno yangu peke yangu. Anasema mwandishi mwenyewe alikiri, na binti huweza kusema lolote ili kumwokoa baba yake. Kwa hiyo atakupigia Jumanne saa nne. Tahsin amekubebea faili zote mbili, atakufungulia uzione. Shafiq atakuuliza swali lilelile. Safari hii jibu kuhusu slaidi, usijibu kuhusu mimi.

Mbusu Mama mkono kwa niaba yangu, na umwambie Qutaiba barua hii si yake. Nawatakia mavuno yasiyo na mvua.

Wako mtiifu, na mwenye kosa,

Maysun