Kipande Kisicho na Jina

Nyumba ya Geti la Kijani,
Chumba cha Cherehani,
S.L.P. 318.
Jumanne, 14 Mei

Mpendwa mdogo wangu Kibiriti,

Pokea salamu zetu tele. Hujambo huko kambini na hiyo barabara yenu isiyoisha? Kifua kimepona, au unakipuuza kama kawaida yako? Sisi huku tunasukuma siku. Baba anakula vizuri na anatembea na mkongojo mpaka barazani, ila kauli haijarudi tangu kile kiharusi. Mimi ni mgongo tu, na huo nimeshauzoea.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu huko kwenu haishiki, na hata ingeshika ningebabaika. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo uwake.

Nimeharibu kompyuta.

Unajua ilivyokuwa inajivuta. Nikiiwasha asubuhi, napiga pasi magauni mawili kabla haijafunguka. Nikasema basi, naiwekea mfumo upya mwenyewe, kwani flashi uliniachia, na maelekezo uliyabandika ubavuni mwa mashine kwa huo mwandiko wako wa kuku. Uliandika kwamba diski umeigawa vipande, nifute chenye jina MFUMO, na chenye jina BABA nisikiguse hata kwa kidole. Nikafuata neno kwa neno. MFUMO nikaufuta, BABA sikumgusa.

Ila pembeni palikuwa na kijipande kidogo, hakina jina wala maelezo, kimekaa tu kama kibaki cha kitambaa kwenye kona ya meza. Unanijua, Kibiriti. Miaka ishirini na mbili nashona, sijawahi kufunga kazi na vibaki mezani. Nikakifuta, tena huku najisifu kwa usafi.

Hapo ndipo ilipogoma. Mfumo mpya ukakataa kuingia. Nikazima, nikawasha: kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe, kwamba haioni pa kuanzia. Nimezima na kuwasha mpaka nimejionea aibu.

Nikamwita fundi kompyuta wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Haraka. Akacheka, akaniambia kile kidogo ndicho mashine inachokisoma kwanza kila inapoamka, na bila hicho haijui mfumo uko wapi. Sasa kwa nini hukukipa jina? Hata MLANGO ungeandika, ningekiheshimu.

"Tufute yote, dada, tugawe upya," akasema. "Saa moja tu, unaendelea na kazi zako."

Nikamuuliza, na ya Baba? Akainua mabega. "Naweza kujaribu kuyavuta kwanza, lakini siahidi." Nikamsindikiza mlangoni na begi lake.

Unajua kilichomo kwenye kipande cha BABA. Ni yote aliyonisimulia kwa miaka miwili, kauli ikiwa bado yake: karakana yake ya useremala, milango aliyoitengeneza na nyumba ilikoenda, na Mama alivyoagiza kigoda akakirudisha mara tatu eti kinayumba, kumbe hakiyumbi hata kidogo. Uliniambia niyachapishe karatasini. Nikasema nitachapisha nikimaliza kusahihisha, na mpaka leo nahangaika na mikato. Hilo ndilo linaloniuma, mdogo wangu. Sina wa kumlaumu.

Sijui nishike wapi. Nikiweka flashi, kipande cha BABA bado nakiona kwenye orodha, lakini naogopa kubonyeza chochote. Niandikie hatua kwa hatua, kama unamwelekeza mtu kupika uji. Hicho kidogo kinaweza kutengenezwa tena bila kumgusa Baba? Kama haiwezekani, usinifiche.

Na kuna hili. Kila siku baada ya chakula cha mchana, Baba anakuja kukaa karibu na mashine, anagonga meza mara moja nimsomee maneno yake. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Tangu Alhamisi nageuza kioo kinielekee mimi, natoa sauti ya kusoma, kumbe nasema kwa kichwa. Ninaposahau natia kiraka.

Jana nikafika kwenye kigoda, nikasema Mama alikirudisha mara mbili. Baba akainuka na mkongojo wake, akazunguka meza, akakitazama kile kioo cheusi kwa muda mrefu. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kulia mbele yake kama mtoto.

Akarudi kukaa polepole. Akaninyooshea vidole vitatu. Kisha akagonga meza, niendelee.

Msalimie sana wifi yangu. Jirani yetu mwalimu anakusalimu, na Baba pia, maana nimemwonyesha jina lako hapo juu akalipapasa. Mungu akulinde na mashine za huko, akurudishe salama, na akupe subira nami.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukiwaka,

Dada Mkasi