Mkeka wa Shangazi Kiwandani

Jumanne, 13 Januari

Kazini saa moja kasoro robo. Basi la kampuni, chai ya kantini, kitambulisho shingoni. Mashine nne za kufuma mikeka ya plastiki, zote zinakwenda. Kelele nshazizoea. Nikifika nyumbani ndipo nahisi masikio yanavuma.

Leo umetoka mzigo wa mwanzo wa mkeka mpya. Bluu na nyeupe. Kwenye orodha ya kampuni unaitwa "Mawimbi". Meneja kaniita mbele ya idara nzima ya michoro, kanipongeza. Wamepiga makofi. Nimeinama. Wamedhani ni haya.

Si Mawimbi. Ni Nyayo za Bibi. Hatua moja ndefu, moja fupi, kwa sababu bibi yangu alikuwa akichechemea. Shangazi Mwanakheri, dada wa marehemu baba, aliubuni kule kijijini Chwaka mwaka aliofiwa na mama yake. Akausuka kwa ukindu, kwa vidole vyake. Mimi nimeunakili tu, kutoka kwenye msala wa kuswalia alionipa nilipoanza kazi.

Meneja aliuliza mbona hatua hazilingani. Nikamjibu ndio uzuri wake. Nilijibu kama mwenyewe.

Ijumaa, 16 Januari

Mama kapata dawa zake za sukari. Kaonesha kadi ya bima ya kampuni, kapewa, karudi. Zamani alikuwa akikata vidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi.

Nnaandika haya nijikumbushe kwa nini niko pale. Mshahara hauchelewi. Ukiumwa unalala, siku yako haikatwi. Wenzangu niliosoma nao wanapaka watalii hina, msimu ukiisha wanakaa. Mimi nna kazi mwaka mzima.

Na upande wa pili: vumbi la plastiki kooni. Ruhusa ya kwenda chooni. Na kila ninachochora ni chao, imeandikwa ukurasa wa mwisho wa mkataba. Sikudanganywa. Nilisoma, nikatia saini.

Aliyenisomesha mpaka nikajua kusoma mikataba ni Shangazi. Kwa mikeka.

Jumatatu, 19 Januari

Nimepita madukani Mlandege baada ya kazi kumtafutia mama viatu. Mawimbi yamesimamishwa nje ya maduka matatu, yamekunjwa kama mabomba.

Duka la nne ni la yule mzee anayechukua mikeka ya Shangazi. Kanijua. Kanionesha mkeka wa kiwandani kwa furaha: hauozi, unaoshwa kwa maji, watu wanaununua kwa ajili ya Ramadhani. Ya ukindu kaipandisha juu ya kabati.

"Mwambie Bi Mwanakheri asilete mingine kwanza," kasema. "Na huu si kama wake? Au kawauzia kiwanda?"

Nimesema ntamwambia. Nimetoka bila viatu.

Alhamisi, 22 Januari

Shangazi kapiga simu. Kila Shaaban, Ramadhani ikikaribia, hupiga akiwa na furaha, maana misikiti huagiza misala. Leo sauti ilikuwa chini.

Wanawake wa kikundi chao cha kusuka wameuona mkeka wa plastiki. Wanasema kauza ukili wa kikundi, msuko wao, kiwandani, kala peke yake. Hivyo hivyo, mbele yake. Wamemnyang'anya ufunguo wa chumba wanachowekea ukindu. Ameushika ufunguo huo tangu mimi sijaanza skuli.

"Rahma, wewe uko humo humo kiwandani. Hebu niulizie, nani kaupeleka?"

"Ntauliza, Shangazi."

Kanishukuru. Kaniombea dua.

Nnajichukia.

Jumamosi, 24 Januari

Sikula. Mama kauliza. Nimesema tumbo.

Jumanne, 27 Januari

Nimekwenda kwa meneja. Si mtu mbaya. Kanikaribisha kiti. Nimemwambia kweli yote: mchoro si wangu, ni wa shangazi yangu, na kijijini anaitwa mwizi. Nimeomba angalau jina lake liandikwe kwenye lebo, na jina la mkeka lirudi kuwa lake.

Kasikiliza mpaka mwisho. Kisha kafungua faili, kanionesha saini yangu. Uliuleta kama kazi yako, kasema. Ukisema leo kwamba uliuchukua kwa mtu, wa mwanzo kuulizwa ni wewe. Hakunitisha. Alisema tu, kama anayenitajia saa.

Halafu kaniomba michoro mingine miwili ya kienyeji. Watu wanaipenda.

Nilipokuwa natoka nimesema ahsante. Ahsante ya nini?

Jumamosi, 31 Januari

Chwaka.

Niliwakuta wote barazani kwa kikundi, miguu wameinyoosha, ukindu katikati. Nimewaamkia mmoja mmoja. Shangazi alikuwa karibu na mlango, peke yake. Mikono mitupu. Sijapata kumuona ameketi mikono mitupu.

Njiani nilikusudia nimwite pembeni nimwambie yeye kwanza. Nilipomuona nikajua nikifanya hivyo atanificha. Angewaacha waendelee kumwita mwizi ili mimi nisitajwe. Kwa hiyo nimesema pale pale, nimesimama, viatu mkononi.

"Shangazi hajauza kitu. Mimi ndiye niliyeupeleka. Nimenakili msala wake. Yeye hakujua."

Bi Kidawa, aliyechukua ufunguo, kaufungua kutoka pembe ya kanga yake, kauweka chini mbele ya Shangazi. Hakuomba radhi. Wengine wakarudi kusuka, vichwa chini.

Shangazi hakuutazama ufunguo. Alinitazama mimi.

"Siku ile nilipokupigia simu, ulikuwa ushajua?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukaniambia utauliza."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakuombea."

Kainuka, kaingia ndani. Nimengoja. Hakutoka. Bi Kidawa ndiye aliyeniambia niende, gari zitaniacha.

Nilidhani nikishasema ntapumua. Sikupumua.

Jumapili, 1 Februari

Nimemwambia mama. Alikuwa na boksi la dawa mapajani. Hakunigombeza. Kauliza kitu kimoja tu: kama dawa hizi zinatokana na mkeka ule. Nimesema zinatokana na kazi yote, si mkeka mmoja. Kalitia boksi kwenye mtoto wa meza.

Usiku kameza kidonge akiwa kanipa mgongo.

Jumanne, 3 Februari

Sikuacha kazi. Niandike wazi, maana kichwani nshajitungia hadithi ambamo naacha.

Nimemwambia meneja sitochora tena vya kienyeji. Hakugomba. Kanihamishia ghala la nyuzi, kuhesabu rangi. Mwengine kakaa kwenye meza yangu kabla ya saa sita. Bima inabaki. Niliposikia bima inabaki, moyo ulitulia. Huo utulivu ndio unaoniaibisha kuliko yote.

Mawimbi bado yanafumwa. Sasa yamepewa mashine mbili.

Alhamisi, 5 Februari

Nimempigia Shangazi mara tatu. Haikupokelewa.

Jumapili, 8 Februari

Nimekwenda tena Chwaka. Sikuitwa.

Alikuwa uani kwake, kwenye kivuli cha ukuta, anasuka. Ukindu mwekundu na mweusi, rangi asizozitumia kamwe. Nimesema shikamoo. Kaniitikia marahaba, macho kwenye ukindu.

Nimekaa chini, mbali kidogo. Mikono yake ikasimama.

"Geukia kule, mwanangu," kasema. "Nnaanza ukili mpya."

Hakukuwa na hasira ndani yake. Alisema kama mtu anayefunika chakula.

Nimegeuka. Kuku wawili, ndoo ya bluu, kanga kwenye kamba. Nyuma yangu ukindu ukaanza tena kuchakarika. Kaniuliza kama nshakula. Nimesema nshakula. Kauliza sukari ya mama. Nimesema imeshuka.

Tumekaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, yeye anasuka, mimi natazama ukuta.