Doa la Bombambili

Bombambili, Songea
Jumanne

Mwanangu Hilda,

Marahaba, maana ungekuwa hapa ungeniamkia kwanza. Kifua kimepoa huko Mbeya? Sisi wazima, ni magoti yangu tu.

Mama, nimechoka. Tangu mvua zianze, upepo ukivuma kidogo umeme unakata, unarudi, unakata. Na kwa kuwa mwanangu yuko kwenye chumba cha kuongozea umeme, basi kosa langu! Jana Polikarp kinyozi kaniletea mteja kanyolewa upande mmoja, ananiuliza upande wa pili ataumalizia nani, mimi au yeye.

Halafu na wewe juzi unapiga simu unalia. Ulinieleza kwamba zamani kengele za hitilafu zilikuja kwenye skrini mistari mitupu, mamia, zote zinalia pamoja, hamjui muanze na ipi. Wewe ukazichorea ramani: kila kengele inaweka nukta mahali pake, na nukta zikirudia palepale doa linavimba, mnajua hapo pataharibika kabla hapajaharibika. Mimi wa darasa la nne nimeelewa, bosi wako anashindwa nini? Doa limevimba huku kwetu, katuma mafundi mara mbili, hawakuona kitu. Sasa anasema ramani yako inaota, na Ijumaa anaifuta. Nilimtukana moyoni mpaka nikasikia aibu.

Aibu, kwa sababu ni mimi, Hilda. Mianzi yetu ya nyuma imefika kwenye nyaya. Upepo ukija inazigusa, na cheche naziona. Mara zote mbili niliposikia mafundi wamefika kwa jirani, niliivuta kwa kamba nikaifunga kwenye mparachichi, kisha nikawakaribisha chai. Wakiondoka naifungua. Niliogopa watafyeka shina lote, na kipaimara cha mdogo wako Careen ndicho hiki kimekaribia, wageni wangekunywa nini bila ulanzi, pombe tunayoigema kwenye mianzi hiyohiyo? Ulipolia kwenye simu nilikuambia pole tu, ndiyo maana naandika.

Leo asubuhi nimemwita fundi, kaikata yote. Barua hii anakuletea jirani yetu Beda, kesho anapanda basi. Mwonyeshe bosi kabla ya Ijumaa, halafu aliangalie hilo doa kama litavimba tena. Akisema mama yako mwongo, mkubalie. Lakini ramani yako haijadanganya hata siku moja.

Careen anakusalimu. Nimemwambia wageni watakunywa togwa, tangu hapo hanisemeshi. Vaa sweta, mama.

Ni mimi mama yako,
Kunegunda