Mwanamke Aliyepiga Ile Simu

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu saa nne asubuhi, na hapa kwetu Kawajense, Mpanda, matope yamepanda mpaka barazani. Steshenari yangu sijafungua. Nani atoke kwenye mvua hii kuja kutoa kopi? Na hata angekuja, leo sikuwa na moyo wa kumhudumia mtu.

Huwa naandika hapa bila jina, na majina ya wengine nimeyabadili. Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba mume wangu yuko gerezani. Mmenipa pole nyingi sana. Leo nataka mjue pole hizo mlikuwa mnampa nani.

Baba Neema alikuwa dereva wa Fuso ya mfanyabiashara mmoja wa mchele. Anatoka Mpanda, anapita ndani ya hifadhi ya wanyama, anafika Kibaoni, anapakia, anarudi. Alikuwa na kawaida ambayo madereva wenzake walimcheka nayo: kabla hajawasha gari anazima mlio wa simu, kisha anaitupa nyuma ya kiti. Akisimama kula ndipo anaitafuta. Alikuwa akisema barabara haitaki mtu mwenye shughuli mbili.

Siku ile, asubuhi, ameshaondoka, jirani akaniambia kwa furaha kwamba amesikia mama mkwe anakuja kuishi kwetu. Baba Neema angerudi naye kutoka Kibaoni safari hiyohiyo. Jirani anajua, dukani wanajua, mimi sijui.

Nilipiga simu mara nyingi. Kimya. Nilijua iko nyuma ya kiti.

Nikafikiri kitu gani kinaweza kumfanya aiweke mkononi. Kilikuwa kimoja tu. Nikaandika ujumbe: "Neema ana homa kali. Kaa na simu karibu."

Neema alikuwa uani, anaruka kamba.

Aliposimama Sitalike kunywa chai aliusoma, akapiga palepale. Sikupokea. Akapiga tena, nikaiangalia simu inavyotetemeka juu ya meza, nikaiacha. Nilitaka naye aumie kidogo kabla hatujaongea. Kisha akaingia hifadhini, na mle ndani mtandao hakuna. Nilikaa nikihesabu muda. Najua Fuso tupu inatumia muda gani kutoka upande mmoja wa hifadhi hadi mwingine. Nilipoona sasa ametoka, anakaribia Kibaoni, nikampigia. Akapokea kabla haijaita mara ya pili.

Akauliza Neema ana nini. Nikamwambia Neema mzima, nataka aniambie habari za mama yake.

Akasema, kwa sauti ya chini, "Mama Neema, naendesha. Nikifika nitakupigia."

Nikamwambia, "Ukinikatia hii simu, usirudi nyumbani."

Hakukata. Nikaendelea. Nilisema mambo juu ya mama yake ambayo siwezi kuyaandika hata hapa, ambapo hakuna anayenijua. Nilikuwa katikati ya neno nikasikia kishindo kimoja, kizito, kama gunia limetupwa kutoka juu. Halafu breki. Halafu kimya.

Nikasema, "Unajifanya hunisikii?"

Hilo ndilo neno langu la kwanza baada ya Minza kufa.

Minza alikuwa binti wa familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia kule na ng'ombe wao. Alikuwa ametoka mashineni kusaga, anatembea pembeni kabisa mwa barabara na ndoo ya unga kichwani. Gari ndilo lililomfuata kule pembeni. Baba Neema hakukimbia, ingawa watu walimshauri akimbie kabla ndugu wa binti hawajafika. Alikaa chini karibu naye mpaka polisi walipokuja.

Shitaka lilikuwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari. Alikiri tangu siku ya kwanza. Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alimuuliza kwa nini alipokea simu gari likiwa linatembea. Akajibu kwamba alidhani kuna dharura. Hakimu akasema dharura inamtaka dereva asimamishe gari kwanza. Angetumia dakika moja kuegesha, na yule binti angefika nyumbani na unga wake. Kisha akasoma hukumu: miaka mitatu, na leseni imefutwa.

Kabla ya hukumu, baba wa Minza, Mzee Masanja, aliruhusiwa kusema. Alisema kwa Kisukuma, mkalimani akatafsiri. Hakulia. Alitaka tu mshitakiwa aulizwe yalikuwa maneno gani hayo waliyokuwa wanaongea.

Baba Neema alisema, "Yalikuwa maneno ya kawaida tu, mzee."

Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Hakugeuka kuniangalia.

Sasa sikilizeni uchafu wenyewe. Laini ninayotumia ilisajiliwa kwa jina lake, tangu zamani, wakati mimi sina kitambulisho. Kwa hiyo pale mahakamani ilisomwa kwamba namba iliyompigia ni laini aliyoisajili yeye mwenyewe. Alipoulizwa nani anaitumia, akasema ni mtu anayemfahamu. Kwa kuwa alishakiri kosa, hawakuchimba zaidi.

Watu wakachimba wenyewe. Tulipotoka nje, mji mzima ulishajua: Baba Neema alikuwa na mwanamke wa pembeni, kamnunulia laini, na huyo ndiye alikuwa anaongea naye akaua mtoto wa watu. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walinikumbatia mmoja mmoja. Mmoja aliniambia Mungu ananiona.

Ningeweza kusema palepale. Nilichofanya ni kuinamisha kichwa, kama mke aliyesalitiwa anavyoinamisha.

Mama mkwe akaja kuishi kwangu, kwa sababu mwanawe wa pekee amefungwa na yeye miguu haimbebi tena. Watu wakasema, ona roho ya huyu mama, mume kamfanyia vile na bado anamlea mama yake.

Nilipokwenda kumwona Baba Neema gerezani mara ya kwanza, nilimshukuru kwa kunificha. Aliangalia mikono yake. Akasema, "Sikukuficha wewe. Nimemficha mama. Akijua ataondoka kwako, na hana pa kwenda." Tangu siku hiyo nikienda tunaongea habari za mvua na karo ya Neema.

Kila jioni mama mkwe husali rozari, na akimaliza anaongeza sala yake mwenyewe, juu ya mwanamke yule. Sala hiyo ina laana ambazo sikuwahi kudhani mama wa kanisa anazijua. Anaomba akauke. Anaomba asionje usingizi. Mimi hupiga magoti pembeni yake na kuitikia amina. Nimefanya hivyo mwaka mzima. Mtu anaweza kuzoea chochote.

Leo kwa sababu ya mvua tulisali mapema, sisi watatu sebuleni. Mama mkwe akafika kwenye sala yake ile, akasema, "Na kama ana mtoto, Bwana, mtoto wake naye agongwe barabarani, ili ajue."

Neema ana miaka kumi. Alikuwa amefumba macho, mikono kifuani kama alivyofundishwa.

Akasema, "Amina."

Sikupanga kusema. Nilisikia tu kinywa changu kinasema. Nikamwambia mama mkwe kwamba mwanamke huyo ni mimi. Nikamweleza yote: jirani, ujumbe wa uongo kwamba Neema ana homa, simu ya Sitalike niliyoikataa, maneno niliyokuwa nayasema juu yake yeye mwenyewe. Nilisema nikiwa bado nimepiga magoti, mvua inapiga bati kiasi kwamba ilibidi nirudie baadhi ya mambo kwa sauti kubwa, na kurudia ndiko kulikoniua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkono wake kichwani kwangu.

"Mwanangu," akasema, "unambebea mwanaume msalaba wake."

Nikamwambia ni kweli, mama, ni mimi. Akatikisa kichwa, anatabasamu kwa huruma. Akasema kama ingekuwa ni mimi, mwanawe angesema mahakamani, maana hajawahi kumficha kitu tangu akiwa mdogo. Akasema namtetea mume ili mama yake asimwone mzinzi. Akasema mke kama mimi hajawahi kumwona, na kwamba kesho atawaambia wanawake wa jumuiya nilichojaribu kufanya kwa ajili ya mwanawe.

Nilikuwa na simu mfukoni, na ujumbe ule wa homa bado umo. Ningeweza kubisha zaidi, kumwita jirani amsomee, maana yeye hajui kusoma, kutafuta ushahidi. Sikufanya. Niandike ukweli, maana ndiyo sababu nimekaa hapa: nilishukuru. Nilijiona kama mtu aliyeachiwa huru.

Nyie mnaosoma hapa, wengi mna mume, kaka au mtoto anayeendesha. Kuna mambo tunawaambia madereva kila siku, na ni sahihi: zima mlio, weka simu mbali na mkono, ukitaka kuongea egesha gari kwanza. Mume wangu aliyajua hayo kuliko mimi na wewe. Mimi naongea na nyie mlio upande wa pili wa simu. Mtu akikwambia naendesha, kata wewe. Usisubiri akate yeye, usimwekee sharti, usimtishe. Na kama una hasira, ngoja afike. Hasira haiozi. Sheria itamfunga aliyeshika usukani peke yake, wewe utabaki nyumbani unapewa pole.

Nilidhani leo imeishia pale, kwenye mkono wa mama mkwe. Nikaenda jikoni kuwasha mkaa. Neema akanifuata, akasimama mlangoni.

Akasema, "Siku ile sikuumwa."

Nikamwambia ndiyo, hukuumwa.

Akasema baba yake alipopiga simu kutoka polisi, akaomba kuongea naye, alimuuliza mara tatu kama ni kweli hana homa. Yeye alidhani baba amechanganyikiwa. Alikuwa anajiuliza tangu siku hiyo.

Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Kwa hiyo baba alipokea kwa ajili yangu?"

Nilipuliza mkaa mpaka macho yakajaa moshi. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaondoka mlangoni. Usiku huu amesema atalala chumbani kwa bibi yake.

Kesho ni siku ya kuwaona wafungwa. Nilikuwa nimepanga kwenda peke yangu, nimweleze baba yake kwamba nimesema na sikuaminiwa. Sasa namsikia Neema chumba cha pili. Hajaniomba ruhusa ya kwenda kwa baba yake, na sijui kama nina haki ya kumzuia.

Anapiga pasi gauni lake la kutokea.