Injini Isiyotoa Moshi

Baba, shikamoo.

Nilitaka kuuliza hali za nyumba nzima hapo Kakuyuni, lakini leo naanza na kichwa chako. Mama ameniambia kwamba tangu umalize kuizungushia karakana ukuta na kuitia mlango wa chuma kwa sababu ya wezi, kichwa hukuuma kila siku ya kazi, na chakula cha mchana hukitaki. Yeye anadhani ni presha. Nilikupigia mara mbili. Mara zote mbili ulisema, "Wee Sidi, utanifundisha mimi injini?" ukakata. Ndiyo maana naandika. Kaka Karisa ataipokea barua hii kwenye simu yake na kukusomea. Karisa, isome yote, usiruke.

Mimi ni mzima kiasi. Huku Kanada baridi haijaisha. Mzee ninayemtunza ana mashine ya kuondoa theluji: injini ndogo ya silinda moja, kama zile za pampu za wakulima wa Sabaki unazotengeneza, ila hii badala ya kuvuta maji huzoa theluji njiani na kuirusha kando. Njia isipofunguliwa gari halifiki mlangoni, na Mzee hupelekwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Asubuhi moja, wiki tatu zilizopita, redio ilitangaza theluji nyingi kufikia mchana. Injini iliwaka, lakini mngurumo ukawa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka. Nikamwambia Mzee ni kabureta.

"Kwani huko kwenu mna theluji?" akaniuliza.

"Hatuna. Tuna injini."

Alicheka, akabeba kiti chake, akanifuata gareji ili anione nikiaibika.

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nilifunga skrubu ya petroli taratibu hadi mwisho, nikaifungua mzunguko mmoja na nusu, nikawasha na kuiacha injini ipate moto, kwa kuwa kabureta hairekebishwi injini ikiwa baridi. Vidole vilikuwa vinaganda kwenye bisibisi na upepo unaingiza theluji ndani. Nikateremsha mlango wa gareji.

Baba, karakana yako ilikuwa nguzo nne na makuti. Sijawahi kukuona ukijiuliza moshi unakwenda wapi, kwa sababu ulikuwa unakwenda. Ulinifundisha kuusoma tu: ukiwa mweusi, petroli imezidi, usipouona, fundi amepata. Mwanzoni ulitoka mweusi. Nikageuza robo, nikasikiliza, nikageuza robo nyingine. Ukakoma kuonekana. Nilidhani hewa imesafika.

"Sasa inaimba," Mzee akasema. Baadaye kidogo akasema kichwa kinamgonga. Changu pia kilikuwa kinagonga. Nikamwambia ni njaa, avumilie, nimebakiza robo moja tu.

Hiyo robo sikuigeuza. Bisibisi ilianguka, nikainama kuiokota, magoti yakakataa. Nilimtazama Mzee: mashavu mekundu, uso umetulia. Nikafikiri joto limemfaa. Nikamwita, hakujibu. Nilitambaa hadi mlangoni, nikauinua kiasi cha goti, nikalala na uso kwenye theluji. Jirani aliona kichwa changu kimetokeza chini ya mlango, akapiga simu.

Watu wa zimamoto waliingia na kifaa kidogo cha kupima hewa, kikalia papo hapo. Mmoja akaniuliza, "Nani alifunga mlango?"

"Mimi."

Akaandika. Kisha akanieleza kwamba gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini haina rangi wala harufu, na kwamba injini iliyorekebishwa vizuri huitoa vilevile. Yetu ilikuwa bado inakwenda, sawa kabisa, bila kupanda wala kushuka.

Mzee alikaa hospitali siku nane, akarudi akitembea. Daktari alinionya nimchunge, kwani mtu huonekana amepona, kisha wiki kadhaa baadaye akili ikaanza kuteleza. Juzi alitia chumvi kwenye chai akainywa yote. Jana aliniuliza mkewe atarudi saa ngapi. Mkewe alifariki kabla sijaja huku. Binti yake anakuja Jumamosi na ana maswali. Nitayajibu yote.

Sasa na mimi nina langu kwako, Baba. Huwasha pampu ngapi kwa siku humo ndani ya karakana? Kila moja waisikiliza nusu saa, kichwa karibu na kabureta, na mlango umeufunga wezi wasichungulie. Nilimuuliza Mama kuhusu Jumapili, siku usiyofanya kazi. Akasema Jumapili huwa mzima na wali wamaliza. Presha haipumziki Jumapili, Baba.

Kuanzia leo injini iwashwe uwanjani. Ndani kulale vyuma na injini zilizozimwa. Kichwa kikianza kuuma na kazi imebaki robo, iache robo hiyo.

Mama, zile dawa za presha ulizonunua zisimezwe kabla Baba hajapelekwa zahanati kupimwa. Waelezee habari ya moshi, usiwaambie presha. Shangazi Kadzo anayeuza mahamri kituoni nampa salamu. Akija kumsemesha Baba, wakae nje. Nyanya Dama, anayeniombea, aendelee, na amtaje Mzee pia. Mjomba Baya aliyejenga huo ukuta mwambieni kazi yake imesifiwa hadi Kanada, na kesho aje na nyundo.

Nitapiga Jumapili mkitoka kanisani. Simu aishike Mama, si wewe Baba. Sitauliza hali ya kichwa, maana najua utamwambia aseme nini. Nitauliza kuta zimebaki ngapi.

Ni mimi binti yako,
Sidi