Tambara Kwenye Bomba la Moshi

Dada Myeong-suk,

Nakusihi, barua hii usimwonyeshe mtu, hata shemeji.

Sakafu ya chumba cha Mama ilikataa kupata joto. Nilibadilisha makaa ya jiko linaloipasha joto kutoka chini, nikafungua tundu la hewa, bado. Nikaziba bomba la moshi kwa tambara, nikidhani joto linatorokea huko. Asubuhi Mama hakuamka.

Jirani alimnywesha maji ya figili zilizochachushwa kwa chumvi, eti huondoa sumu ya moshi, akinifokea: "Karani mzima, hata gesi ya makaa huijui?"

Mama alifumbua macho. "Mwanangu, sakafu imepata moto?" Akazimia tena.

Yuko hospitali. Daktari aliuliza kuhusu bomba. Nilisema lilikuwa wazi. Tambara liko mfukoni mwangu. Nimwambie?

Usipige simu ofisini. Piga kwenye duka la mchele mkabala na hospitali. Nashinda mlangoni pa duka hilo.

Mdogo wako,
Gi-taek