Akara wa Mama Hataki Picha

Barcelos, kando ya Mto Negro
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Iraíde,

Salamu nyingi zikufikie huko Curitiba, wewe, shemeji Wagner na Luana wetu. Natumaini barua hii itawakuta wazima na kwamba baridi ya huko imeanza kuwahurumia. Ukitaka kujua hali zetu, Mama hajambo, anakula vizuri na mdomo wake unafanya kazi kama kawaida. Mimi mwili hauna neno, ila nina hasira, na nimeona heri nikuandikie kuliko kupiga simu. Nyumba hii unaijua: ukinong'ona uani, Mama anajibu jikoni.

Ulinipa kazi moja tu. Mama alisema atahamia kwenu siku yule akara wake, samaki wake wa tangini, atakapopata mtu wa kumtunza, na wewe ukampata Mzee Tarcísio wa Manaus, mfugaji wa samaki wa mapambo, ambaye alitaka kwanza aletewe picha nzuri aone rangi za samaki. Ukaniambia, Valdenor, mpige picha samaki, mtumie mzee, basi. Chumba cha Mama ulikuwa umeshakipaka rangi. Ukasema ni kazi ya dakika tano. Dada, ningekuwa na uwezo ningekutumia hizo dakika tano uje uzitumie mwenyewe.

Picha za kwanza nilipiga kwa flashi. Kioo cha tangi kikarudisha mwanga wote, katikati kukawa na jua na chini ya jua meno yangu. Mzee Tarcísio akajibu kwa adabu akiuliza nauza samaki au nauza taa. Nikaacha flashi, samaki akatokea pichani kama moshi, maana akara hatulii hata umsihi vipi. Nikafuta kioo kwa nje mpaka mkono ukaniuma, kisha ndipo nikagundua uchafu uko ndani. Nikafuta na ndani. Safari hii samaki alionekana, lakini ana doa kubwa jekundu ubavuni. Mzee akauliza huo ni ugonjwa gani, na kama unaambukiza.

Nikaenda kwa Jurandir, yule jirani anayepiga picha za harusi. Unamkumbuka, kwenye sherehe za samaki yeye huchezea kundi la Akara, na hajatusamehe mpaka leo kwamba sisi, watu wa kundi pinzani la Kardinali tangu enzi za babu, tunafuga akara ndani ya nyumba. Aliitazama picha, akanitazama na mimi, akacheka hadi akaegemea mlango. Nilikuwa nimevaa jezi nyekundu ya Kardinali. Ndiyo ninayovaa siku zote nikiwa nyumbani, kama nusu ya mji huu. Ule wekundu ulikuwa wangu mimi, kwenye kioo. Akasema, "We bwana, akara wa watu umemvalisha jezi yenu kwa nguvu! Hata samaki hamumwachi achague upande?"

Alipochoka kucheka alinifundisha. Nivae nguo nyeusi. Nifunge madirisha na kuzima taa zote za sebuleni, ibaki ile iliyo juu ya maji peke yake. Simu niigusishe kioo kabisa, iwe wima, isilale upande. Nisimkimbize samaki, nichague sehemu moja nimngoje apite, na akipita nipige picha nyingi mfululizo, mojawapo itakuwa na bahati. Nilifanya yote, nikiwa nimevaa shati la msiba, kwenye joto hili, madirisha yamefungwa. Kioo kikapotea kabisa machoni. Lakini samaki alikuwa mweusi kama sufuria ya kuni, amejibanza nyuma ya gogo lake, mistari ya woga imemjaa. Nilipata picha safi sana ya samaki asiyefurahi. Mzee Tarcísio akasema wa namna hiyo anao wa kutosha.

Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa. Kila nilipotoka pale nikiwa nimelowa jasho, Mama alikuwa akinipoza kwa maneno: "Mwanangu, samaki naye ana siku zake." Jana nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia kwa sauti ya juu, Mungu anisamehe, kwamba wewe unangoja, chumba kinangoja, na yeye anakaa jikoni kama vile jambo halimhusu. Alichukua bakuli lake la matunda ya tukumã na kisu, akavuta kigoda, akaketi kando ya tangi kumenya, kama anavyofanya kila jioni.

Akara akatoka. Hakutoka kwa kuchungulia, alitoka kama mwenye nyumba. Weusi ukamwondoka nikiona, buluu ikawaka ubavuni, jicho likawa jekundu. Mama aliweka kidole kwenye kioo na yeye akakifuata huku na huku. Nilipiga picha mpaka simu ikapata moto.

Niliruka kwa furaha. Nikamwonyesha Mama, akaitazama picha muda mrefu, akasema, "Ndiye huyu." Kisha akaniuliza kama Mzee Tarcísio atakuwa akiketi naye. Nikamjibu kweli, kwamba mzee ana matangi chumba kizima na vijana wa kuyalisha. Akaendelea kumenya. Ndipo aliponiambia, bila kuinua uso, kwamba akara huyu huwa mweusi kwa mtu yeyote asiye yeye, na alilijua hilo tangu mwanzo. Alitoa lile sharti akijua hatapatikana mtu wa kumchukua. "Iraíde kafurahia kile chumba kama mtoto," alisema. "Ningemwambiaje kwamba sitaki kwenda?"

Nilikasirika, sikufichi. Jasho lote lile. Halafu nikamwona akijifuta jicho kwa mgongo wa mkono wenye kisu, na hasira sikuiona tena ilikokwenda. Ameniomba nikuambie kwamba picha bado zinakataa. Sikuweza kukudanganya, dada, ila Mzee Tarcísio sikumpelekea chochote. Picha iliyo ndani ya bahasha hii ni yako wewe. Kidole kilicho pembeni ni cha Mama. Jurandir alitaka kukiondoa aliponichapia picha, nikamkatalia.

Najua utalia, na ni haki yako. Chumba mpe Luana.

Nisalimie shemeji, na Luana mwambie mjomba anamdai busu. Majirani wote wanakusalimu, hata Jurandir. Mama naye anakusalimu sana, hajui nimekuandikia haya. Ukipiga simu Jumapili ijayo, muulize picha za samaki zimefikia wapi, kisha umwache akudanganye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Valdenor